Kitsao wa Hisopo: Tunamuaga kwa Mara ya Tatu

Baada ya kuitumikia Nyumba ya Wageni ya Baraza Mbili, hapa Mji wa Kale, kwa miaka thelathini na mmoja, ndugu yetu Kitsao Tsofa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Anastaafu kweli. Nasema kweli kwa sababu mwaka huu huu amekwisha kustaafu mara mbili, na mara zote mbili tulipika biriani, tukalia, tukampa zawadi, kisha tukamkuta tena mlangoni na kofia yake ya kazi, anauliza nani ameacha mfereji wazi.

Mimi ni Mejumaa, mpishi wa nyumba hii. Nimeombwa nitoe habari zake kwa sababu ndimi niliyekaa naye kuliko wote. Kwa umri ningestaafu kabla yake, lakini hakuna aliyethubutu kuniambia. Skuli sikwenda, kwa hivyo mimi nasema na Mahira wa mapokezi anashika kalamu. Nimemwambia asinirembeshee. Mtu akiagwa, na aagwe kwa sura yake.

Kitsao alikuja kutoka Kaloleni akiwa kijana mwembamba, masikio makubwa, maneno mengi. Aliajiriwa na marehemu Bi Sheikha, mamake Bwana Muhdhar mwenye nyumba, apake rangi madirisha. Madirisha hayo hajayapaka mpaka leo. Siku ya kwanza alimkuta Bi Sheikha darini akihangaika na mirihani yake iliyonyauka. Akaweka kopo la rangi chini, akaanza kuitengeneza, na kopo likakauka na brashi ndani. Bi Sheikha akaitazama mirihani, akayatazama madirisha, akasema madirisha yatangoja. Yamengoja.

Kwa wageni wa leo wasiopajua, darini kwetu ni juu kabisa, penye matangi ya maji na kamba za kuanikia mashuka. Kabla ya Kitsao palikuwa na kunguru na kiti kilichovunjika. Yeye akapanda asumini kwenye mapipa, mlangilangi, mchaichai, mnanaa, na mirihani ikarudi na afya. Wageni wakifika mlangoni wakawa wanauliza kama kuna harusi. Sifa hiyo ni yake na simnyang'anyi. Aibu ni kwamba naye hajawahi kuisahau hata siku moja. Mtu akisifu harufu akiwa chini barazani, Kitsao atashuka kutoka darini kuja kusema asante.

Sasa tuingie kwenye hisopo, maana bila hisopo hakuna Kitsao.

Mgeni mmoja, mama wa Kitaliano, aliondoka akasahau pakiti ya mbegu kwenye droo. Joy, anayetandika vyumba, alitaka kuitupa. Kitsao akaichukua, akaipeleka kwa mchungaji wake kuuliza ule mmea wa kwenye picha ni nini, majani membamba, maua ya zambarau. Mchungaji akamwambia ni hisopo, ile inayotajwa kanisani. Kama ni yenyewe hasa au ni binamu yake, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Kitsao alirudi siku ile anatembea kama mtu aliyepewa ubalozi.

Akaenda Kibarani, akarudi na magunia ya udongo mweusi, laini kama halua. Akatia mbolea ya mbuzi. Hisopo ikaota, ikanenepa, ikalala ubavu, ikafa. Akapanda tena, ikafa tena kwa adabu ileile. Mara ya tatu aliitupa pakiti kwa hasira kwenye kifusi walichoacha mafundi wa ukuta, mawe ya matumbawe na chokaa iliyomwagika, jua linapiga kutwa. Hapo ndipo ilipoota. Ikasimama wima kama askari. Kitsao mpaka leo anawaambia watu alipanga tangu mwanzo. Nilikuwepo. Hakupanga.

Basi tukaijua tabia yake. Hisopo ni kama bikizee wa kweli, haitaki kubembelezwa. Itie kwenye chungu chenye tundu chini, uitilie mawe madogo na chokaa kidogo, uiache juani. Chomeka kidole kwenye udongo: ukiona unyevu, ondoka. Ikimaliza kuchanua, ikate nywele nusu, itachipua upya. Ukitaka nyingine, kata kijiti kichanga, kichomeke kwenye kokoto, ushughulike na mambo yako. Kazi yote ni hiyo. Kitsao huieleza kwa muda wa kupika sufuria ya mbaazi.

Na kwenye mbaazi ndipo mahali pake. Majani machache yaliyokatwakatwa, mwisho mwisho, tui likishakolea. Kwenye samaki wa kuchoma pia yanakaa vizuri, yana uchungu kidogo na upepo wa mnanaa. Machache, nasema. Siku moja nilikwenda Marikiti, nikarudi nikakuta Kitsao amenisaidia kwa kutia konzi nzima kwenye supu ya miguu. Mgeni mmoja alikunywa kijiko kimoja, akauliza kwa upole ni nani anayeumwa.

Kwa kikohozi, chai yake na asali na ndimu nimeiona ikisaidia. Mtaa mzima huja kuiomba, wa msikitini na wa kanisani, wanakohoa mlangoni ili waaminike. Lakini Kitsao aliambiwa kwamba mwenye mimba haifai kuinywa, na hilo alilishika kwa mikono miwili. Hampi mwanamke kikombe kabla ya kumuuliza, tena kwa sauti, hata kama wamesimama wanaume kumi. Joy aliulizwa hivyo mbele ya mumewe, akanyamaza kidogo zaidi ya ilivyofaa, na mumewe akapata habari njema pale pale uani. Na mimi aliniuliza. Nina wajukuu wenye ndevu. Nilifurahi siku nzima.

Wala msisahau harusi ya binti yake Bwana Muhdhar. Mirihani ilikuwa imeingiwa na wadudu wiki ile, na vikuba vya wanawake, vile vishada vya kifuani, vinataka kitu cha kijani pamoja na asumini. Kitsao akaleta hisopo, imechanua yote, akasema itapendeza zaidi. Ilipendeza. Hakuna aliyekumbuka kwamba maua yale nyuki wanayapenda kuliko kitu chochote. Waliingia ukumbini kwa adabu, bila kumuuma mtu, wakaenda kukaa kifuani kwa kila aliyevaa kikuba. Shangazi yake bi harusi, mwanamke mzito ambaye sijapata kumwona akikimbia, siku ile nilimwona. Bi harusi alicheka mpaka wanja ukamfika mashavuni. Kitsao alikuwa nje dirishani, anaeleza wapita njia kuwa wale ni nyuki wake.

Huyo ndiye tunayemuaga. Lakini kuna mtu mwingine katika habari hii, na ndiye mwenye haki zaidi.

Kitsao ana mke, Kavumbi, huko Kaloleni. Miaka yote hii Kitsao amelala hapa kwenye chumba cha uani, akaenda kwake Jumamosi jioni, akarudi Jumatatu alfajiri. Kavumbi amelea watoto, amelima, amejenga, amezika wakwe zake wote wawili, na mume wake ni wa Jumapili. Hakulalamika. Alikuwa ameahidiwa kwamba akistaafu, basi. Alinunua viti viwili vya kukalia mbele ya nyumba jioni. Kimoja kimeanza kuchakaa, cha pili bado kina karatasi ya dukani.

Mwezi wa Mei tukamuaga mara ya kwanza. Kavumbi alikuja mwenyewe, amevaa leso mpya. Wakaenda. Jumatatu Kitsao huyo mlangoni. Akasema amekuja kutazama hisopo tu. Alitazama hadi Agosti.

Mara ya pili tukajipanga. Kitsao alimfundisha Ishaq, mlinzi wetu, kila kitu: kidole, udongo, jua, makasi. Ishaq akaapa. Kitsao akamfanya aape tena. Akaondoka anageuka nyuma kila hatua, na Kavumbi amemshika mkono kama mtoto anayetolewa dukani.

Hapa ndipo watu wa nyumba hii walipoonyesha akili zao. Kila mmoja alijua kwamba hisopo ikifa, Kitsao atarudi, na Kavumbi atakaa na viti vyake. Kila mmoja akasema moyoni, Ishaq ni kijana, atasahau, acha nisaidie kidogo. Na hakuna aliyemwambia mwenziwe. Mapenzi yetu sisi watu wa hapa ni ya kumiminia. Mtu akiingia nyumbani anapewa maji kabla hajasema shida yake. Tukipenda kitu, tunakitilia maji.

Mimi hukuna nazi pale chini ya ngazi, nimekalia mbuzi yangu, na kila anayepanda darini hunipita. Niliwaona wote wala sikushuku. Ishaq alipanda na birika, akasema anakwenda kutawadha kwenye upepo. Joy alipanda na ndoo, akasema kuna shuka lina sabuni. Bwana Muhdhar mwenyewe, mwenye nyumba, alipanda na jagi la barafu, akasema anapunga hewa. Alikuwa amesikia mmea huu asili yake ni nchi za baridi, akaona auliwaze. Na Mahira alipanda na mrashi wa maji ya waridi. Hapa Mahira amesimamisha kalamu. Nimemwambia aandike.

Hisopo ikanywa maji ya kutawadha, ya kufulia, ya barafu na ya waridi, ikawa ya njano, kisha nyeusi kwenye shina. Kitsao kila siku anapiga simu kuuliza hali. Kila siku Ishaq anamwambia imechanua. Kitsao akataka picha. Ishaq akatafuta kwenye simu yake picha nzuri ya zamani, akaituma. Muda si muda simu ikalia. Kitsao alikuwa anauliza yule mzee aliyeinama nyuma ya chungu, mwenye kofia kama yake, ni nani.

Kabla ya adhuhuri alikuwa mlangoni. Akapanda darini. Aliposhuka hakutukana, na hilo lilitutia hofu zaidi. Vyungu vyote vimekufa isipokuwa kimoja, chenye kijiti kimoja na majani ya kuhesabika. Akavaa aproni yake, akarudi kazini, na hatukuwa na uso wa kumwambia aende.

Kavumbi alikuja Jumamosi ile. Hakupita kwa mumewe, alipita jikoni kwangu, akasalimu vizuri, akauliza habari za wajukuu, akanywa maji. Kisha akaniomba niwaite wote uani. Akawauliza mmoja mmoja ni nani aliyeinywesha. Mikono ikapanda, na wa Bwana Muhdhar ukapanda mwisho. Akawauliza kwa nini. Ishaq ndiye aliyejibu kwamba walitaka mzee apumzike. Wote walitaka hivyo. Kavumbi akajifunika uso na leso, na sikujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote.

Kisha akamgeukia Kitsao, aliyekuwa amesimama kando na makasi mkononi. Hakupandisha sauti.

"Baba Kiti," akamwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "kile chungu kimoja cha juu ukikiacha huenda kikafa. Hawa watu umewaona. Mimi sitakudanganya kwamba kitapona. Nakuuliza tu, unakuja nyumbani au huji?"

Kitsao, mtu aliyejibu wageni wa nchi zote maswali wasiyomuuliza, aligeuka akaelekea ngazini. Alipanda darini peke yake. Tukangoja. Joy alianza kulia, nikamwambia aache. Bwana Muhdhar alikuwa anakung'uta vumbi kwenye kofia isiyo na vumbi. Nami nasema wazi, nilikuwa namwombea dua yule mwanamke kuliko nilivyowahi kuomba riziki, maana ningekuwa mimi ningekuwa nimemrudi kwa mwiko zamani.

Aliposhuka mikono ilikuwa mitupu. Hata makasi aliyaacha juu.

"Ikifa, imekufa," akasema. "Twende, Mama Kiti."

Kavumbi akasema hapana, si hivyo. Mtu hatoki kazini baada ya miaka yote hiyo kama mwizi wa kuku. Amalize Novemba, aagwe kwa heshima, na yeye atakuja kumchukua. Ndiyo maana tuko hapa leo, na ndiyo maana kuna biriani ya tatu. Ile hisopo ya juu ina majani mapya mawili. Tumefunga mfereji wa darini kwa mnyororo na ufunguo ninao mimi, mahali ambapo hakuna mwanamume atakayeutafuta. Ikipona ni heri. Isipopona hatutampigia mtu simu, na yeye akipiga, Ishaq amefundishwa kuuliza habari za Kavumbi kwanza.

Sasa kuna jambo ambalo Kitsao halijui, na analisikia leo pamoja nanyi. Nimepewa ruhusa na Kavumbi mwenyewe.

Jumamosi ile, tulipotoka uani na Kitsao akarudi kazini, Kavumbi alibaki jikoni kwangu. Akacheka mpaka akashika meza. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia kwamba zamani, akikohoa, Kitsao alikuwa anampelekea vijiti vya hisopo vimefungwa kwenye gazeti. Kijiti kimoja alikichomeka kwenye kifusi nyuma ya jiko lake, kando ya uchanja wa vyombo, pale anapomwaga majivu. Hakukifanya kitu. Leo ni kichaka kinachomfika pajani, kina nyuki wake, na majirani wanakuja kuchuma. Hisopo nzuri kuliko ya darini iko Kaloleni miaka mingi, na Kitsao anafika huko kila Jumapili, anakaa mbele ya nyumba, anawaelezea watu kwamba mmea huu hauwezi kuota popote isipokuwa kwa mkono wake.

Nikamuuliza Kavumbi kwa nini hakumwambia. Angekwisha kurudi zamani.

"Bi Mejumaa," akasema, "ningemwambia, angerudi kwa ajili ya hisopo. Nilitaka arudi kwa ajili yangu."

Nilimkumbatia, mikono yangu ina unga na yote. Leso yake mpya iliharibika na hakujali.

Najua mnachojiuliza. Mtu anafikaje nyumbani kwake kila wiki, miaka yote hiyo, asikione kichaka kinachofika pajani? Ni rahisi. Kiko kando ya uchanja wa vyombo, na Kitsao Tsofa, tangu aoe, hajawahi kuosha hata kikombe.

Kwa niaba ya Bwana Muhdhar, Mahira, Joy, Ishaq na wote waliowahi kukohoa mlangoni petu, tunakushukuru, ndugu yangu. Umetupa darini penye harufu ya harusi bila harusi. Umetupigia kelele na hatukuchoka, au tulichoka na tukakupenda hivyo hivyo. Nenda salama. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana, miaka mingi ya Jumatatu mpaka Jumamosi pamoja na mkeo, na kila siku iendayo kwa Mungu, sahani chafu za kutosha.

Mejumaa, jikoni